Habari Inaelekea Wapi?

"Sasa tunajiunga na..." Kila aliyelelewa na redio anaijua sentensi hiyo. Mtangazaji wa Mwanza au Arusha huitamka harakaharaka, kama kijana anayempisha mkubwa mlangoni. Unapita ukimya wa sekunde mbili, kisha sauti ya mbali inaingia kutoka London, Bonn au Dar es Salaam. Kujiunga ni kitenzi chenye adabu nyingi. Hakitaji nani mkubwa, nani anamlipa nani, wala nani anaweza kuamka asubuhi akavunja udugu. Kwa wenzetu udugu wa namna hiyo una mikataba, mahakama na bei, kwa hiyo yale ambayo kitenzi chetu kinayasitiri, huko yako uchi. Mfano ulio wazi kuliko yote niijuayo ni wa mji wa Detroit, Marekani.

Jumapili ya tarehe 11 Desemba 1994, watu wa Detroit waliwasha televisheni wakakuta chaneli zimehama. Chaneli ya 2, yaani kituo cha WJBK, kilichokuwa hewani tangu 1948 na kwa miongo mingi kikajulikana kama nyumba ya CBS, sasa kilikuwa cha Fox. CBS yenyewe, mtandao uliojiona mzee wa fani, ulikutwa chaneli ya 62, mwisho kabisa wa namba, kwenye masafa ya UHF ambayo mwenye antena mbovu aliyapata kwa chenga.

Chanzo kilikuwa mpira, ule wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono. CBS ilikuwa ikionyesha ligi ya NFL tangu 1956. Desemba 1993 Fox, mtandao mchanga wa Rupert Murdoch uliozaliwa 1986, ulitoa dola bilioni 1.58 kwa miaka minne ya mechi za upande wa NFC, na CBS ikabaki mikono mitupu. Lakini Fox ilikuwa na mpira bila uwanja wa kuuonyeshea, maana washirika wake wengi walikuwa vituo dhaifu vya UHF. Mei 1994 ikaweka dola milioni 500 katika kampuni ya New World ya Ronald Perelman, na vituo kumi na viwili vya kampuni hiyo vikakubali kuhamia Fox. WJBK kilikuwa kimojawapo. Timu ya mji, Lions, ilicheza katika NFC, hivyo mpira ukabaki palepale chaneli ya 2. Aliyetolewa nje na mabegi yake ni CBS.

Msomaji wa kwetu atauliza: kampuni kubwa kama CBS inafukuzwaje na kituo cha mji mmoja? Jibu liko katika maumbile ya biashara yenyewe. Mtandao wa televisheni wa Marekani, ambao hauna uhusiano na intaneti, ni kampuni inayotengeneza na kununua vipindi. Minara mingi ni ya watu wengine. Mpaka katikati ya miaka ya 1980 sheria haikumruhusu mmiliki mmoja kuwa na vituo vya televisheni zaidi ya saba nchi nzima, na nchi ina miji mamia. Miji iliyobaki ilifikiwa kwa kuazima minara ya wenyeji: mtandao unaleta tamthilia, mechi na taarifa ya kitaifa, kituo kinaleta leseni na watazamaji, dakika za matangazo ya biashara zinagawanywa, na kwa miaka mingi mtandao ndio uliokilipa kituo fedha juu yake. Mkataba ukiisha, kila upande una hiari. Ni ndoa inayofungwa na wanasheria, na watoto, yaani watazamaji, huambiwa baadaye.

CBS ikapita Detroit ikibisha hodi. Vituo vyenye nguvu vilikuwa na ndoa zao na havikuona sababu ya kuzivunja. Ndipo ikafika mlango ambao huko nyuma isingeugonga.

Chaneli ya 62 iliitwa WGPR, herufi ambazo wenyewe walizitafsiri kuwa pale uwepo wa Mungu unapong'aa. Ilikuwa mali ya jumuiya ya Wamasoni Weusi iliyoanzishwa na mwanasheria William V. Banks, mzee aliyekuwa tayari na redio ya FM ya jina hilohilo tangu 1964. Leseni ya televisheni aliipata mwaka 1973, na tarehe 29 Septemba 1975 kituo kikaingia hewani, cha kwanza kumilikiwa na Weusi katika Marekani bara. (Neno "bara" hapo lina kazi, kama lilivyo na kazi katika Tanzania Bara.) Kilikuwa na chumba cha habari kilichowatazama Weusi wa Detroit kama raia wenye siku zao, wakati vituo vingine viliwakumbuka penye uhalifu. Kilikuwa na The Scene, kipindi cha dansi kilichoongozwa na Nat Morris hadi 1987, ambamo vijana wa mtaani walijiona wakicheza. Waarabu wa Detroit na vitongoji vyake nao walipata saa zao.

Nisiipambe kupita kiasi. Fedha zilikuwa chache tangu siku ya kwanza. Watoa matangazo wakubwa walikwepa. Sehemu kubwa ya ratiba ikajazwa filamu za zamani na mahubiri yaliyolipiwa. Banks alifariki 1985. Kufikia 1994 ndoto ilikuwa imechakaa kama zulia la sebuleni. CBS ilipofika na dola milioni 24, Wamasoni waliuza televisheni na kubaki na redio yao. Walikuwapo Weusi wa Detroit waliopinga, wakisema kilichouzwa ni zaidi ya mnara. Na kweli, CBS ilitaka masafa tu. Chumba cha habari hakikuwa sehemu ya mapenzi hayo, na The Scene ilikuwa imekwisha kuzimika. Mwaka 1995 hata jina lilibadilika, kituo kikawa WWJ-TV. Herufi hizo zenyewe zilikuwa za mtumba: chaneli ya 4 ya mji huohuo ilizivaa mpaka 1978.

Sasa linganisha majirani hawa wawili, na hapa ndipo kisa kinaponipendeza kama mhakiki. WJBK kilipoteza mtandao wenye heshima na kupata mchanga ambao, jioni za siku za kazi, ulileta vipindi vya saa mbili tu. Saa zilizobaki zilikuwa tupu. Kituo kikazijaza kwa kazi ya mikono yake: habari za asubuhi, habari za saa nne usiku, habari na habari tena. Umaskini wa mshirika ukakifanya kituo kinenepe. Chaneli ya 62 ilipata mshirika tajiri, ikapokea kila kitu tayari kimepikwa, na ikapoteza Detroit. Kwa zaidi ya robo karne, kituo cha CBS chenyewe katika mji mkubwa kama ule hakikuwa na chumba kamili cha habari. Kilijaribu hiki na kile, kikaacha.

Kwa hiyo mimi nikisikia kituo kidogo kimejiunga na kikubwa, siulizi mkubwa ni nani. Nauliza taarifa ya habari inatoka wapi kwenda wapi. Tamthilia na mpira huja na huondoka kwa mnada. Habari ndiyo inayoonyesha kama pale pana kituo au pana bomba.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba kila cha mwenyeji ni chema. Marekani kituo mshirika kina haki ya kukataa kipindi cha mtandao, na haki hiyo imewahi kutumiwa vibaya sana. Huko Jackson, Mississippi, kituo cha WLBT kilikuwa mshirika wa mtandao wa NBC. Mwaka 1955 mwanasheria Thurgood Marshall, mpigania haki za Weusi, alipotokea katika matangazo ya NBC, kituo kilimkata na kuweka maandishi ya kuomba radhi kwa hitilafu ya waya. Sisi tuliozoea "samahani, hitilafu ya mitambo" tunalijua tabasamu la maandishi hayo. Karibu nusu ya watu waliofikiwa na mnara ule walikuwa Weusi, na kituo cha mji wao kikawa ukuta kati yao na habari zao wenyewe. Kanisa la United Church of Christ na wakazi wa Jackson walipeleka shauri mahakamani. Mwaka 1966 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba mtazamaji naye ana haki ya kusikilizwa leseni inapojadiliwa, na mwaka 1969 ikafuta leseni ya WLBT. Mwaka 1972 William Dilday akawa meneja mkuu wa kituo hicho, Mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo katika kituo cha televisheni Marekani. Maji ya mkubwa yanaweza kuwa safi na birika la mwenyeji ndilo chafu.

Japani udugu huu umejengwa kwa mti mwingine. Huko sheria ilizuia kwa muda mrefu kampuni moja kukusanya vituo mikoani, lakini hawakuacha kila kituo kiolewe kinapotaka. Nyuma ya kila stesheni kubwa ya Tokyo lilisimama gazeti: Yomiuri nyuma ya Nippon TV, Asahi nyuma ya stesheni inayoitwa leo TV Asahi, Mainichi karibu na TBS. Na kilichowafunga washirika kilikuwa habari. Mtandao wa TBS, uitwao JNN, uliundwa 1959 kama mapatano ya kubadilishana habari: kituo cha mkoa kinapiga picha za tetemeko au uchaguzi wa kwao, kinazipeleka Tokyo kwa ajili ya wote, na kinaahidi kutompa picha hizo mtu wa nje. Tamthilia zilifuata baadaye kama mkia. Kwa Mmarekani habari ni kitu kinachobaki kwa mwenyeji wakati mengine yakitoka mtandaoni. Kwa Mjapani habari ndiyo mahari yenyewe.

Udugu wa ukoo una matatizo yake, na Osaka ndiko yalikojikunja. Kwa sababu ya jinsi kampuni za mji huo zilivyoungana na kuachana katika miaka ya 1950, kituo cha Asahi cha Osaka, yaani ABC, kilijikuta mshirika wa TBS, huku MBS, cha Mainichi, kikiwa mshirika wa NET, yaani TV Asahi ya leo, stesheni ambayo gazeti la Asahi lilizidi kuisogelea. Kila mtoto alikuwa akila nyumba ya jirani. Wajapani waliiita hali hiyo utumbo uliojisokota. Magazeti yalipopanga upya hisa zao katika stesheni za Tokyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaamuliwa utumbo unyooshwe: tarehe 31 Machi 1975 vituo viwili vya Osaka vilibadilishana washirika. Hakuna mnada, hakuna mpira, hakuna aliyefukuzwa. Wazee wa ukoo walikaa, wakakubaliana, watazamaji wa Osaka wakaambiwa vipindi vya chaneli ya 4 vitafuteni ya 6, na vya 6 vitafuteni ya 4.

Hapo pana jambo dogo ambalo siwezi kulipita, kwa sababu lilitufikia hata sisi. MBS haikuwa bomba. Ilikuwa ikishiriki kutengeneza Kamen Rider, kipindi cha shujaa mwenye kofia ya panzi kilichoanza 1971 na kupendwa na watoto nchi nzima kupitia NET. Kituo kilipohama, kilihama na shujaa wake. Aprili 1975 Kamen Rider akaonekana TBS. NET ikabaki na pengo la Jumamosi jioni na watoto wanaolia. Ikaagiza shujaa mwingine, ikapata watano kwa mpigo, kila mmoja na rangi yake: Gorenger, mfululizo wa kwanza wa ukoo ambao miaka kumi na minane baadaye Wamarekani waliuchukua na kuufanya Power Rangers, kwa ajili ya Fox, ileile ya kisa cha Detroit. Watoto wengi wa Dar na Nairobi waliorukaruka kwenye makochi wakigombania nani awe mwekundu walikuwa wakila matunda ya talaka ya Osaka. Kituo cha mkoa kilichotengeneza kitu chake kilipoondoka, mtandao ndio uliopwaya.

Uingereza nitapita haraka, kwani wao wenyewe wameifuta tofauti ya kituo na mtandao. Televisheni yao ya biashara, ITV (msomaji wa Dar asichanganye na ile ya Mikocheni), ilipoanza Septemba 1955 haikuwa kampuni moja. Mamlaka ya umma iliigawa nchi kama mashamba na kumpangisha kila mtu lake: Granada kaskazini, Anglia mashariki, Waskoti na la kwao. Wapangaji walibadilishana vipindi, na taarifa ya kitaifa waliimiliki kwa pamoja kupitia ITN. Granada, mpangaji wa Manchester, ndiye aliyeipa nchi nzima Coronation Street mwaka 1960. Hatari huko haikuwa mshirika kuondoka, ilikuwa mwenye shamba kugoma kukupa tena. Mnada wa 1991 ulikuwa kichekesho cha uchungu: Thames ya London iliahidi pauni milioni 32.8 kwa mwaka, Carlton ikaahidi 43.2, na usiku wa kuamkia 1993 Thames ikazimika. Wakati huohuo Central, mpangaji mwingine, ambayo haikuwa na mpinzani, iliweka pauni 2,000 na kushinda. Mwaka 2004 Granada na Carlton ziliungana, na majina mengi ya mikoa yakabaki kwenye kumbukumbu za wazee, ila Waskoti bado wana STV yao.

Turudi kwetu. Mwaka uleule wa 1994, Detroit ikihangaikia chaneli, Tanzania Bara ndiyo kwanza ilikuwa inapata televisheni, Zanzibar ikiwa imetangulia kwa miaka ishirini na picha za rangi. Tulianza na desturi ya kujiunga tuliyoirithi kutoka redioni: usiku, saa mbili, redio za mikoani zilikuja kujiunga na TBC Taifa kwa taarifa ya habari, kama zamani nchi nzima ilivyosikiliza RTD, redio ya taifa ya wakati huo. Kenya, KTN ilipozaliwa 1990, ilijaza saa zake kwa CNN. Mwaka 2012 Star TV ya Mwanza ilianza kuonyesha Dira ya Dunia ya BBC, ambayo Salim Kikeke aliisoma kutoka London. Nakiri nilijivuna. Mtanzania, Kiswahili fasaha, picha safi, na mnara wa Mwanza unaotuonyesha ulimwengu. Baadaye ndipo nilipojiuliza swali la Wajapani: katika mapatano ya namna hii, ziwa letu linakwenda London kwa jina la nani? Mara nyingi kujiunga kwetu ni kwa kupokea. Saa inafika, mlango unafunguliwa, sauti inaingia, saa inaisha, mlango unafungwa. Hakuna mahari na hakuna talaka, kwa sababu hapakuwa na ndoa. Palikuwa na mgeni wa kila siku.

Lakini kuna jambo moja ambalo limetupeleka mbele ya Detroit bila sisi kulitambua. CBS ilinunua chaneli ya 62 kwa ajili ya masafa. Kwetu, tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kituo cha televisheni hakihitaji mnara wake. Msambazaji ana mnara, kituo kinapeleka picha tu, na mtazamaji ananunua king'amuzi. Wakenya waliliona hilo kwa ukali zaidi Februari 2015, NTV, KTN na Citizen zilipokuwa nje ya hewa kwa wiki tatu hivi zikigombea nani awe na haki ya kuwasambazia. Ugomvi ulikuwa juu ya bomba, na wenye vituo walikuwa na hoja. Ila mnara ukishaondoka mikononi mwako, hakuna tajiri wa kuja na dola milioni 24 kukununulia masafa. Ulichobaki nacho ni kamera, gari la kwenda Sengerema, mwandishi anayejua diwani gani anadanganya, na faili la picha za miaka ishirini. Basi hicho ndicho cha kuweka mezani siku ya kusaini. Meneja wa kituo cha mkoa anayesoma haya, ukiletewa mkataba wa kujiunga na yeyote, wa Dar au wa ng'ambo, tafuta ukurasa unaosema picha zako zitakwenda wapi na kwa jina la nani. Kama ukurasa huo haumo, omba uandikwe kabla hujachukua kalamu.

Chaneli ya 62 ya Detroit ilianza taarifa zake kamili za habari Januari 2023, chini ya jina la CBS. Jengo la WGPR katika barabara ya East Jefferson, lenye jina la William V. Banks, ni makumbusho tangu 2017.